Mpaka Wekundu Utulie

Walikutana kwenye lifti iliyojaa watu. Yeye, mwoka keki, alikuwa na gauni la bluu na unga kwenye viwiko, ameinua keki ya harusi juu ya vichwa vya watu. Nyuma yake alisimama fundi rangi, mrefu hata wenzake wakamwita Ngazi.

"Dada, nikushikie? Huko juu ndiko ninakoishi."

Alicheka. Kabla ya kushuka, walikuwa wamepeana namba.

Walipendana kwa kasi. Asubuhi mwoka keki alimwita Ngazi "roho yangu". Simu isipopokelewa, alimwita mwongo. Siku moja Ngazi alishuka kazini akakuta mwoka keki amempigia mara nyingi.

"Mpenzi, nilikuwa juu, napaka."

"Umeshaniacha. Sema tu."

"Nani kakuacha?"

"Usinitafute tena."

Jioni hiyo dada wa mwoka keki alimkuta jikoni, amejiumiza mkono makusudi. Akampeleka hospitali.

"Ni tatizo la haiba," mwanasaikolojia alimweleza. "Hisia zako hupanda upesi kuliko unavyoweza kuzishika, na hofu ya kuachwa inakutesa. Si ukorofi. Tiba ipo."

Wakaanza mazungumzo ya kila wiki, pamoja na zoezi. Alivishwa kofia yenye nyaya zinazosoma umeme wa ubongo, akafuata pumzi yake huku akitazama skrini. Akili ikichafuka, skrini huwa nyekundu, ikitulia, bluu.

Miezi ikapita. Mwoka keki akampigia Ngazi: "Njoo hospitali uone kitu."

Alikuja na shati lililopigwa pasi, rangi bado iko kwenye kucha.

"Kumbuka ile siku ya simu," mwanasaikolojia alimwambia mwoka keki, aliyekwisha kuvaa ile kofia.

Skrini ikawaka wekundu. Ngazi akashika kiti.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa unaumia?"

"Karibu kila siku."

Mwoka keki akavuta pumzi taratibu. Wekundu ukafifia, ukawa zambarau, ukaishia bluu. Hakuna aliyegusa chochote. Ngazi, aliyechanganya rangi tangu ujana wake, alibaki mdomo wazi.

"Sijapona kabisa," mwoka keki alisema. "Zipo siku nitakufukuza."

"Nitakaa nje ya mlango. Nikichoka nitakwambia nimechoka, sitapotea. Nataka kukuoa."

Skrini ikalipuka wekundu.

"Nimekuudhi?"

"Subiri."

Akasubiri. Pumzi ya mwoka keki tu ndiyo iliyosikika, ikiingia na kutoka. Bluu ilipotanda yote, akamgeukia.

"Nimekubali."