Sehemu ya Pili ya Bwana Kivuli

Upepo wa Bugene hauna adabu. Siku ile ya mnada, mwezi wa Juni mwaka 1952, ulilikuta shuka la gari la sinema ndiyo kwanza limetundikwa kwenye milingoti miwili, ukalipasua kutoka juu hadi katikati, watu wote wakiona: wafugaji walioshuka na mbuzi kutoka Bweranyange, wachimba madini ya bati wa Kyerwa waliokuja kutembea, akina mama wenye mikungu ya ndizi vichwani. Watu wakacheka bure, sinema yenyewe bado haijaanza.

Melkiory, kijana wa Muleba, ndiye aliyekuwa mkalimani wa gari lile. Picha zilisema Kiingereza, naye alishika kipaza sauti akawaeleza watu kwa Kiswahili na kwa lugha ya Karagwe, Kinyambo cha kuungaunga, kile alichodhani zinasema. Alilikimbilia shuka, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, soksi ndefu nyeupe zinakula vumbi. Dereva wake Shaaban, mtu mzima asiyependa kukimbia, alimwonyesha kwa kidevu baraza la duka la Mzee Gharib, penye cherehani.

Aliyekaa kwenye cherehani alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini, gauni la buluu lenye maua meupe, leso nyeusi kichwani, vidole virefu visivyo na haraka. Jina lake Kemirembe. Alilipokea shuka, akalivuta, akalivuta tena, halikwisha.

“Bwana, anayelala kwenye shuka hili ni mkubwa kiasi gani?”

“Wanalala watu wengi, bibi. Njoo jioni uwaone.”

“Kama wanakoroma, siji,” alisema, hata tabasamu hana, akaanza kukanyaga cherehani.

Mzee Gharib, ambaye babu yake alitoka Pangani na ambaye habari haikumkaa tumboni hata kwa dawa, alimvuta Melkiory pembeni akamweleza bila kuombwa. Yule ni mjane. Mumewe, Kamugisha, alikwenda vitani akafia Burma mwaka wa arobaini na nne. Shemeji yake alitaka kumrithi, akakataa katakata, akarudi kwa kaka yake kijijini Ndama, akajifunza kushona. Na miaka yote aliyokaa pale barazani, alisema Mzee Gharib, hakuna aliyewahi kumsikia akicheka.

Jioni ile picha ya kwanza ilihusu wadudu wa kahawa, ya pili choo cha shimo. Watu walizivumilia kama wanavyovumilia hotuba kabla ya pilau. Ya tatu ilikuwa ya kuchekesha. Bwana mmoja mwenye sharubu anateleza kwenye ngazi, anakufa, anarudi nyumbani kwake akiwa mzimu. Anapita ukutani, kofia inabaki nje. Anarudi kuifuata kofia, fimbo inabaki ndani. Anajaribu kumtisha mbwa wake, mbwa anamlamba. Melkiory alimbatiza palepale jina la Bwana Kivuli na kumsemea kwa sauti ya puani, na Bugene nzima ikashika mbavu. Kati ya vicheko vyote alisikia kimoja kutoka upande wa duka la Gharib, kizito, kinachokwama na kuanza upya. Akageuza shingo. Kemirembe alikuwa amekaa juu ya gunia la chumvi, leso imeteleza, machozi yanamchuruzika, anacheka.

Kisha mzimu akaingia jikoni, akasimama mbele ya mkewe, akavua kofia, akafungua mdomo. Shuka likawa jeupe. Mkanda umekwisha.

Ukweli ni kwamba mkanda wa mwisho wa picha ile uliharibika kwa maji zamani, na hakuna mtu hata mmoja aliyejua kilichokuwamo. Melkiory angesema hivyo na mambo yangeishia hapo. Lakini watu walianza kupiga kelele, naye bado alikuwa na kicheko kile masikioni. Mdomo ukamponza.

“Bwana Kivuli ana neno moja la kumwambia mkewe,” alisema kwenye kipaza sauti. “Akishalisema, atapumzika. Neno hilo mtalisikia katika sehemu ya pili.”

Basi, salaale. Gari lilikuwa likirudi kila baada ya miezi mitatu hivi, na miezi mitatu ni mingi kwa watu wenye midomo. Mwaja, muuza vitumbua, aliapa kwamba neno lenyewe ni habari za mke wa pili aliyefichwa mjini. Wachimba bati walishikilia kwamba marehemu hakuteleza, alisukumwa, na atamtaja aliyemsukuma. Katekista wa Songambele alisema mzimu yeyote mwenye akili ataomba misa. Akatokea mtu mwenye shemeji huko Kampala, na huyo shemeji ameiona sehemu ya pili kwa macho yake, na ndani yake Bwana Kivuli anaendesha gari hewani. Watu wakamnunulia mwenye shemeji rubisi ili aendelee, akaendelea mpaka pombe ikaisha. Wazee wawili wa Ndama walinuniana msimu mzima wa mvua kwa sababu mmoja alisema mke atazimia na mwingine akasema hatazimia.

Gari likiingia, hakuna aliyeuliza habari za wadudu wa kahawa. Waliuliza kama amekuja nayo. Melkiory alijibu kwamba iko njiani. Uongo ndivyo ulivyo, ukishauzaa lazima uulishe.

Kemirembe peke yake hakuwa na lake la kukisia. Alitaka tu kusimuliwa tena jinsi yule mke alivyoinua macho, kama alishtuka kwanza au alimtambua kwanza. Melkiory alisimulia, akasimulia. Walikaa barazani wakitafuna buni za kahawa, kama ilivyo desturi ya huko, yeye akishona shuka la sinema, ambalo kwa miujiza lilikutwa limechanika kila safari. Shaaban alijua ni wembe wa nani uliolichana, akanyamaza, kwa sababu na yeye aliwahi kuwa kijana.

Safari zilipokuwa mbali, barua zilipita kwa madereva wa malori. Melkiory alianza na “Ua la moyo wangu” na kumaliza kwa mabusu yasiyohesabika. Kemirembe alijibu mistari minne: Bwana Kivuli wangu, mvua imenyesha, shuka lako nimeliota limechanika, rudi ulilete. Mistari hiyo minne Melkiory aliibeba kwenye mfuko wa shati mpaka karatasi ikalainika.

Msimu wa senene wa mwaka 1953, watu wakiwa wametawanyika kwenye majani na vikapu vyao wakikamata panzi hao wa kuliwa, alimwambia wazi kwamba anataka kumwoa. Kemirembe aliweka sindano chini.

“Nakupenda, Melkiory, sikufichi. Lakini kwanza nataka nisikie yule marehemu alimwambia nini mkewe. Nikisikia, nitakujibu siku hiyohiyo.”

Melkiory alicheka akidhani ni utani. Alipomtazama vizuri, akaacha.

Usiombe kukwama namna hiyo. Mtu unangoja jibu la mwanamke unayempenda, na jibu limefungwa ndani ya picha ambayo haipo, na wewe ndiye uliyeifunga humo. Melkiory alikonda. Huko Bukoba aliuliza kila aliyeweza kuulizwa. Mkanda ule haukuwa na nakala. Akawaza usiku na mchana, akafikia uamuzi aliouona wa busara: mjane yule anangoja ruhusa ya marehemu mumewe. Basi apewe ruhusa.

Mwezi wa Februari alifika Bugene na koti jipya la kijivu, nywele kachana njia, akasema ameiona sehemu ya pili Bukoba kwa macho yake mawili. Kemirembe alinyamazisha cherehani kwa kiganja.

“Mzimu anavua kofia,” alisema Melkiory, “anamwambia hivi: Mke wangu, usinilie tena. Nimekuruhusu. Ukipata mtu mwema, olewa.”

“Na mkewe akasema nini?”

Siku tatu njia nzima Melkiory alikuwa ametunga maneno ya mzimu, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Kwamba mke naye ana mdomo, hilo halikumpitia akilini.

“Mkewe alifurahi,” alisema.

“Alifurahi tu?”

“Alifurahi sana.”

Kemirembe alimtazama, na Melkiory akahisi koti jipya linambana shingoni.

“Hakuna sehemu ya pili,” alisema Kemirembe taratibu. “Ipo au haipo?”

“Haipo,” alisema Melkiory. “Haikuwepo hata siku moja. Lile neno nililitunga mimi.”

“Zaidi ya mwaka na nusu umenidanganya. Hilo ningekusamehe, ulikuwa unachekesha watu. Lakini leo umemtia marehemu maneno mdomoni ili akuposee mke. Ondoka, Melkiory.”

Aliondoka. Jioni ile alisimama mbele ya umati, akashika kipaza sauti, akaungama yote, kwa Kiswahili na kwa Kinyambo. Alitarajia mawe. Watu walimsikiliza kwa huruma, halafu hawakumwamini. Mwaja alieleza kwamba serikali imemkataza kusema. Wachimba bati wakasema bila shaka sehemu ya pili inatisha mno. Kabla gari halijawashwa, ilikwisha kukubaliwa kwamba itakuja mwakani, baada ya mavuno. Kemirembe hakuwepo, cherehani ilikuwa imefunikwa.

Barua tano alizomwandikia hazikujibiwa. Ile ya sita haikuandikwa, kwa maana mwezi wa Juni ilikuja amri: gari na mkalimani wake wanahamishiwa Lindi. Shaaban alimshauri amtumie yule mama salamu kwa dereva wa lori, mambo yaishe kistaarabu. Mtu aliyekwisha kufukuzwa anarudi kutafuta nini? Ushauri ulikuwa mzuri, na Melkiory aliufikiria usiku kucha. Asubuhi akadandia lori kutoka Bukoba mpaka Kyaka. Kyaka hakupata lori jingine, akaazima baiskeli, na milima ya Karagwe ilipomshinda akaikokota.

Alifika Bugene siku ya pili mchana, si siku ya mnada, soko tupu, mbuzi wawili tu wanatafuna maganda. Koti halikuwepo, viatu vilikuwa rangi ya barabara. Alimwamkia Mzee Gharib shikamoo, Mzee akaitikia na papo hapo akaanza kupanga upya masanduku ya sabuni yaliyokuwa yamepangwa vizuri tu. Kemirembe alikuwa anatia pindo kwenye sare ya shule. Hakuinua kichwa.

“Sikuja kuomba kitu,” alisema Melkiory. Hakupanda barazani, alibaki juani. “Nimehamishwa, nakwenda Lindi. Tunaondoka mwisho wa mwezi. Nimekuja kukuaga.”

Cherehani ilikwenda hatua mbili tatu, ikasimama.

“Umekuja na nini?”

“Na lori, mpaka Kyaka. Halafu baiskeli. Halafu miguu.”

“Kuniaga tu?”

“Kukuaga tu. Niliona vibaya uje usikie kwa watu.”

Hapo Kemirembe aliinua uso, na Melkiory akaona kwamba midomo yake inacheza. Alidhani ni hasira imerudi. Haikuwa hasira.

“Kamugisha alitoka asubuhi,” alisema Kemirembe. “Alisema anapeleka kahawa kwa Mhindi, atarudi kula. Nikapika. Nikafunika chakula, nikakipasha, nikakifunika tena. Siku ya tatu jirani akaja kuniambia amemwona kwenye lori la askari, amejiandikisha kwa hiari yake, anaimba na wenzake. Hakuniambia hata neno. Miaka miwili baadaye ikaja karatasi kwamba amekufa.” Alikunja sare ile mapajani, akaikunjua. “Wewe ulidhani nangoja ruhusa. Ruhusa ya nani, Melkiory? Mimi nilitaka kumsikia maiti mmoja tu, hata wa sinema, anamweleza mkewe kwa nini aliondoka bila kumuaga.”

Melkiory, aliyezoea kuwasemea watu wasiojulikana wanasema nini, safari hii alikuwa na maneno mawili tu, yake mwenyewe.

“Sikujua,” alisema. “Sikukuuliza.”

“Hukuniuliza.”

“Nisamehe, Kemirembe.”

Kemirembe akalia. Alilia bila kujificha, mikono imelala juu ya cherehani, na Melkiory alipanda barazani akakaa kwenye gunia karibu naye, asimguse, mpaka kilio kikaisha chenyewe. Mzee Gharib alikuwa ameshika sanduku moja la sabuni muda wote huo na kusahau kuliweka chini.

Kisha mwanamke yule akajifuta uso kwa leso, akakata uzi kwa meno, akafunika cherehani na kitambaa chake.

“Huko Lindi,” aliuliza, “watu wanashona?”

“Nadhani wanashona,” alisema Melkiory. “Watu wanavaa.”

“Na mshenga wako ni nani? Maana ndugu zako wako Muleba.”

Melkiory alifungua mdomo, hakuelewa bado, au alielewa na kuogopa kuelewa. Mzee Gharib alikohoa, akaliweka sanduku, akaanza kutafuta kofia yake nzuri ya viua.

Kemirembe alishuka barazani wa kwanza, akaishika ile baiskeli ya kuazima kwenye usukani.

“Kaka yangu yuko shambani Ndama,” alisema. “Twende tukamuage wote wawili.”