Niliposhusha Kizingiti

Faridi alinipigia simu saa kumi jioni. Nilikuwa nafua soksi za interview ambayo mpaka leo sijaitwa.

"Dereva wangu! Njoo Ruangwa sasa hivi. Lile lidude lako limegoma."

Dereva. Nimesota chuo miaka minne, nimeandika driver kwa mikono yangu mwenyewe, halafu kilaza mwenye zero ya form four ananiita kana kwamba naendesha Fuso. Lakini yeye ni meneja wa kiwanda cha kubangua korosho. Kwa nini? Kiwanda ni cha mjomba wake. Mimi mwenye first class nalala chumba cha uani kwa mama yangu, Nachingwea, na jogoo wake. Ndiyo nchi yetu hiyo. Nikapanda bodaboda.

Acha nieleze mara moja tu, maana najua wengi wenu mnadhani kompyuta ni Facebook. Ndani kabisa ya mfumo kuna kiini, kernel. Kiini hakiongei na kila mtu ovyo ovyo. Kifaa chochote ukikichomeka kinahitaji mkalimani, na mkalimani huyo ndiye driver. Kifaa kikiguswa, kinabisha hodi. Vitabuni wanaita interrupt. Ni hodi tu, msitishwe na Kizungu. Driver inaitikia, inauliza nani, inapeleka jina kwa kiini. Basi.

Kifaa chenyewe kilikuwa kisoma alama za vidole, ili wabanguaji wasaini kila wakiingia kazini. Mjomba alikiagiza bei ya kutupa, kikaja bila driver. Nikaiandika mimi. Makubaliano yalikuwa mepesi: kesho asubuhi mjomba anakuja kukagua. Kikisoma vidole vya wanawake wote, naajiriwa. Kisiposoma, narudi kwenye soksi.

Nilifika jua likizama nyuma ya mikorosho. Kiwanda kiko nje kidogo ya mji, njia ya Nkowe. Majiko yamezimwa, wafanyakazi wameondoka. Faridi akanitupia funguo za ofisi dirishani mwa gari. "Nina kikao," akasema, ananuka pafyumu ya kikao cha bia. Akatokomea. Akaniachia mama mmoja mtu mzima, Scholastika, mbanguaji anayebaki kufagia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye dereva?"

Nikafungua laptop.

"Nisaidie kidole, mama. Bonyeza hapo kwenye kioo."

Akabonyeza. Kimya. Nikamshika mkono nikautazama kwenye mwanga. Kidole laini kama mgongo wa kijiko. Mafuta ya maganda ya korosho yanaunguza, na yamekula mistari yote. Wanapaka majivu, lakini wapi. Waliotengeneza kifaa walipanga kwamba chenye mistari chini ya arobaini si kidole. Hawajawahi kumwona mwanamke wa Ruangwa akibangua miaka kumi na tano.

Rahisi. Nikaingia kwenye driver, nikafuta arobaini, nikaandika kumi na mbili.

"Subiri kidogo, mama. Nashusha kizingiti."

Fagio likasimama.

"Kizingiti kipi?"

"Cha mashine."

"Cha mlango huo," akanong'ona, "kina vitu vyake chini. Siku ya kufungua kiwanda walichimba. Sisi tuliambiwa tugeuke nyuma."

"Mama, hii ni namba tu."

"Namba ya kumzuia nani?"

Nikacheka. Nikainuka, nikaenda mlangoni, nikakipiga kile kizingiti mateke mawili kwa kiatu changu cha interview, ili aone kwamba ni saruji tu. Akafumba macho.

Nikarudi, nikaandika jina lake kwenye orodha. Akabonyeza tena.

Tii.

Taa ya kijani. Jina lake likatokea.

"Ee!" akasema. "Leo na mimi nimekuwa mtu."

Nikajisikia mwanaume. Nikaanza kufunga laptop, tayari naona mshahara wa kwanza, tayari naona jogoo wa mama akitafuta chumba kingine...

Tii.

Nikageuka. Scholastika yuko mlangoni na fagio lake. Mimi niko kwenye kiti. Kioo cha kile kifaa kiko peke yake mezani.

Tii.

Upuuzi. Kelele za umeme. Waya wa bei ya kutupa. Nikafungua log, ile orodha ambamo driver inaandika kila inachokiona. *Kidole kimegusa. Kidole kimegusa.* Nikachomoa waya. Kimya. Nikauchomeka tena, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne.

Tii.

Moja, mbili, tatu, nne.

Tii.

Kelele za umeme haziji hivyo. Zinakuja kwa fujo, kama watu wa mnadani. Hizi zilikuja kwa nafasi sawasawa. Kama foleni. Kama mtu anabonyeza, anampisha mwenzake.

Halafu harufu. Maganda mabichi yanayoungua, makali, yanawasha koo. Na majiko yamezimwa tangu mchana.

Zikafika saba. Zikaacha.

Nikaapa kwamba driver ni safi. Mimi sikosei kwenye driver, mwacheni Faridi akosee. Nikafungua picha, maana kila kidole kinahifadhiwa picha. Kama kosa ni langu, nitaona picha moja chafu imerudiwa mara saba.

Vilikuwa vidole saba. Saba tofauti. Vyote laini, vimeliwa na mafuta.

Na joto. Kifaa kinapima joto, ili mtu asimsainie mwenzake kwa kidole cha plastiki. Scholastika alisomeka thelathini na tatu. Hawa saba, ishirini na tatu. Wote. Nikakilaza kijiko cha chai juu ya kioo kupima.

Ishirini na tatu.

Sikumsikia Scholastika akija. Alikuwa begani kwangu, anapumua kwa shida.

"Huyo wa tatu," akanong'ona. "Mkuze."

Nikaikuza picha. Kovu limekatiza kidole mshazari, kutoka ukucha hadi kiungo.

"Kisu cha kubangulia. Mimi ndiye nilimfunga kitambaa."

"Nani, mama?"

"Marietha. Mtoto wa dada yangu."

"Basi ni mfanyakazi wa hapa. Labda alisaini mchana, mashine imechelewa ku—"

"Tumemzika Nkowe mwezi wa tatu."

Nikampigia Faridi.

"Vipi, dereva, kinasoma?"

"Kinasoma. Lakini kuna..."

"Hao saba waondoe."

Sikuwa nimemwambia ni saba.

Muziki wa baa ukasikika kwa mbali, kisha ukazibwa, kama amefunika simu kwa kiganja.

"Faridi. Ni kina nani hawa?"

"Ni driver yako mbovu, msomi. Waondoe, kesho una kazi. Au nimtafute mwenzako? Degree zenu zimejaa mtaani kama mifuko ya rambo."

Akakata.

Scholastika alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, macho usawa wa kile kioo. Hakunitazama.

"Usimfungie nje, mwanangu. Miezi yote hii sisi hatumwoni. Mashine imemwona. Mwandike jina lake tu. Dada yangu aje alisome."

Nitasema nini? Ningeweza kuandika. Herufi nane. Badala yake nikafikiria mama yangu, ile sauti yake anapowaambia majirani "bado anasubiri kuitwa". Nikaandika mstari mmoja ndani ya driver: kidole kisicho na joto kipuuzwe. Hodi ikibishwa, isiitikiwe. Msinitazame hivyo. Nyinyi wenye kazi ndio wa kwanza kunihukumu.

Kifaa kikanyamaza. Harufu haikuondoka.

Scholastika alisimama polepole, akachukua fagio. Alipofika mlangoni aliinua gauni, akakiruka kile kizingiti, mguu juu kabisa, kama anaruka mtaro. Ndipo nikakumbuka mateke yangu mawili.

Asubuhi mjomba akaja na suti. Wanawake wakapanga foleni, wakasomeka mmoja baada ya mwingine, tii, tii, tii. Watu wakapiga makofi. Faridi akanikumbatia. "Dereva wetu!" Nikapewa kitambulisho, nikaandikisha kidole changu. Mama alichinja yule jogoo.

Huu ni mwezi wangu wa tatu kazini. Kila jioni, wakishaondoka, naingia kwenye log. *Kimepuuzwa*, mara saba, kwa nafasi sawasawa. Nikazoea. Mtu huzoea. Nikawa naifunga bila kusoma.

Wiki iliyopita nilisoma. Zilikuwa nane.

Siku hizi nalala saa mbili, kama kuku, na naamka nimechoka kama niliyelima usiku kucha. Vidole vinawasha. Vinanuka maganda. Mama alinipa uji juzi, akagusa mkono wangu, akaurudisha wake haraka. "Mbona baridi hivyo, baba?" Nikamwambia ni kiyoyozi cha ofisini. Ofisi haina kiyoyozi.

Jumatatu asubuhi nilifika, nikabonyeza kidole.

Kimya.

Nikafuta kioo kwa shati. Nikabonyeza. Kimya. Foleni ya wanawake nyuma yangu ikasogea kuchungulia. Scholastika alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Aliutazama mkono wangu, ncha za vidole, akavuta kanga mdomoni.

"Na wewe," akanong'ona, "nani atakuandika jina?"

Niliingia ofisini, nikafungua log. Mstari wa mwisho ulikuwa wangu. Maneno yangu, nilivyoyaandika mwenyewe. *Kidole kimegusa. Joto ishirini na tatu. Kimepuuzwa.*

Faridi alichungulia mlangoni, anatafuna njugu, akacheka.

"Si nilikwambia, dereva? Driver yako mbovu hiyo."

Miaka yote hii nimejisifu kwamba driver yangu haikosei. Sasa kila asubuhi nasimama mbele ya kile kioo, kidole kimebonyea mpaka ukucha unakuwa mweupe, na ninamwomba Mungu, kwa mara ya kwanza maishani, yule kilaza awe amesema kweli.