Maneno ya Kufungulia Kompyuta

Likizo nzima, kabla randa hazijaanza kulia katika karakana yao ya useremala huko Keko, Munira aliwasha kompyuta na Bibi Tunu akasogeza kigoda. Picha za vitanda na makabati hazikufunguka mpaka mashine iandikiwe maneno ya siri, nayo yalikuwa msemo wa marehemu Babu Bakari: "Randa polepole, ubao haukimbii." Bibi aliyatamka, Munira akayaandika. Humo mlikuwa pia na sauti ya babu akiimba huku akipiga msasa. Bibi aliisikiliza kidogo, ndipo siku ikaanza.

Munira alichoka kuandika. Mjomba Farhan, aliyeifunga diski ya kompyuta kwa maneno yale ili hata mwizi asiambulie kitu, alimweleza kuwa ufunguo unaweza kukaa kwenye flashi, mashine ikiwaka diski ijifungue yenyewe. "Lakini usiguse mpaka nije," alisema. Munira hakungoja. Akafanya mwenyewe, ikakubali. Tangu hapo kigoda cha bibi kikabaki ukutani.

Kisha shoga yake Raudha akataka kumpa filamu, na Munira, bila kukumbuka ufunguo, akafuta flashi yote ili zienee. Kesho yake kompyuta iliwaka, ikakwama ikisubiri ufunguo wa flashi, wala haikuuliza tena maneno. Nakala nyingine ya sauti ya babu haikuwapo popote.

"Munira, niwekee babu yako kidogo," bibi aliita. "Leo nimemkumbuka."

Munira alitaka kusingizia umeme. Umeme husingiziwa mengi, na haujawahi kujitetea. Lakini alipomtazama bibi, alishindwa.

"Bibi, mie nimeharibu. Nimeigusa bila ruhusa, na ufunguo nimeufuta."

Bibi alimnyooshea simu. "Mpigie mjomba wako, umwambie hivyohivyo."

Farhan alifika mchana, akamwamkia mama yake, akainama kwenye mashine. "Bora umesema. Ungebahatisha, ungefuta kila kitu. Ufunguo wa flashi umekwenda, ila maneno ya babu bado yanafungua. Nairudisha iulize kama zamani."

Mashine ikauliza. Bibi alivuta kigoda, akatamka yale maneno, Munira akaandika herufi kwa herufi. Babu akaanza kuimba. Munira alilia bila kujificha.

"Nikuwekee flashi nyingine?" Farhan alimuuliza Munira.

"Ya nini?" bibi alimjibia. "Mjukuu wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Umesema mapema, limetengenezeka. Na kazi ndefu si lazima iwe mzigo. Mie kila nikiamka, nilikuwa naingoja hiyo, tukae pamoja niyatamke maneno ya babu yako."