Waliokuja Kuhesabu Watu Uwanjani

Kwaru, kwaru. Gizani, kabla jogoo hajawika, mwiko ulikuwa ukikwangua ukoko wa uji kwenye sufuria. Ni dada yangu huyo, akimwandalia mumewe, fundi cherehani, kabla hajakwenda kazini.

Ndugu zangu, nyumba hiyo ilikuwa na amani. Kilichowatia hofu ni kimoja tu: uwanja wa katikati ya mji, shemeji alikokuwa na duka la kushonea, ulikuwa unakufa. Maduka yalifungwa moja baada ya jingine, wateja wakahamia stendi. Kamati ya mji ikasema inatafuta wafanyabiashara wapya. Wakija, shemeji ataponea. Wasipokuja, naye atafunga.

Siku moja wakatokea watu wawili wasiojulikana. Wakakaa kwenye benchi, kila mmoja na kidude mkononi.

"Umewaona wale?" kinyozi wa duka la pili alinong'ona. "Kila mtu akipita, wanabonyeza. Hao ni watu wa ushuru tu."

"Nimewaona. Nimekwenda msalani na kurudi, wamebonyeza mara mbili."

"Basi wewe ni watu wawili, fundi! Na ushuru utalipa wa watu wawili."

Walicheka kicheko cha meno tu.

Jioni dada alisema, "Baba watoto, si uwaulize tu?"

"Mwizi haulizwi kama ni mwizi, mke wangu. Atanijibu nini?"

Kesho yake wenye maduka wakafunga milango yote, wateja wakaelekezwa wapite uchochoro wa nyuma. Wenyewe wakajikunyata ndani, wakichungulia kwenye nyufa huku wamejibana mbavu wasicheke. Uwanja ukabaki mtupu kama kinywa cha kibogoyo. Wageni walikaa, vidole vimetulia. Mchana wakainuka, wakaenda zao.

"Tumewaweza!" kinyozi akapiga kofi.

Msomaji wangu, walijiweza wenyewe. Wiki haikuisha, katibu wa kamati akaja, uso umemvimba kwa hasira.

"Wale walitumwa na mwenye mikate na mwenye duka la dawa, waliotaka kufungua hapa. Walitaka kujua kama watu wanapita. Wameona hapapiti hata paka! Sasa wanafungua kule stendi."

"Mbona hamkutuambia?" shemeji aliuliza.

Katibu akatazama viatu vyake. "Tulihofia mkijua mtajaza uwanja watu wa kukodi."

Mnaona? Huyu alimshuku yule, yule akamshuku huyu, mikate ikaivia kwingine.

Kinyozi alihama. Shemeji alivumilia weee, mwisho akaibeba cherehani yake kichwani mpaka nyumbani. Leo anashona barazani, viraka vya majirani tu, na dada anafulia watu nguo.

FUNZO

Kujihadhari si kosa. Kosa ni kushuku bila kuuliza. Viongozi, semeni mnachofanya. Wenye maduka, ulizeni msichokijua. Swali moja lingeuokoa uwanja ule, nami naamini bado utafufuka, tukianza kufundishana hilo majumbani mwetu.

Maana jana mgeni mmoja alisimama mbele ya baraza ile, akiitazama nyumba juu na chini. Shemeji akaacha kukanyaga cherehani, akamkata jicho la pembeni. Binti yake mdogo akashuka ngazi mbio, akamsogelea yule mtu, akasema kwa sauti:

"Mjomba, unatafuta nini?"