Chembe Nyeupe na Ugali wa Emerensiana

Haya alinisimulia Kunigunda mwenyewe, mwaka huu, tukichuma kahawa shambani kwake Litembo. Siku hiyo alicheka. Yalipotokea hakucheka.

Mkamwana wake, Emerensiana, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, kwa hiyo hofu ilikuwamo nyumbani. Siku moja alirudi kutoka kliniki, akasema, "Mama, wamepima damu. Chembe nyeupe zimepanda."

"Nyeupe?" Kunigunda akashtuka. "Basi ni hivi vyakula vyeupe. Kuanzia leo ugali huli. Maziwa hunywi. Mayai huli."

"Sasa nile nini, mama?"

"Maharage na mchicha. Chai ya rangi ipo."

Alifanya hivyo kwa upendo. Lakini huku kwetu, bila ugali mtu hajala. Wiki ya pili Emerensiana alikuwa akiinuka anashika ukuta. Mumewe, Joakim, akaenda kumwita jirani yao Beata, nesi wa zahanati.

"Shikamoo, mama," Beata akamsalimu Kunigunda.

"Marahaba. Umekuja kunisema?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa wako."

Beata akampima Emerensiana joto. Akamwuliza kama tumbo linauma, kama mkojo unachoma.

"Hapana, dada. Nina njaa tu."

Beata akamgeukia Kunigunda. "Mama, chembe nyeupe ni walinzi wa mwili. Zinapigana na magonjwa. Mwanamke akiwa mjamzito, mwili wake huziongeza. Wakati wa uchungu hupanda zaidi, kisha akishajifungua hushuka. Zikipanda kidogo tu, na mama hana dalili nyingine, si ugonjwa."

"Hazitoki kwenye ugali?"

"Hata kidogo. Rangi ya chakula haigeuzi damu."

"Na udongo mweupe anaoutafuna kwa siri, ananificha kama mimi kipofu?"

Emerensiana akajifunika uso kwa khanga. Beata akacheka. "Huo aache. Hapo umepatia, mama."

Kisha akasema taratibu, "Ila akipata homa, mkojo ukichoma, tumbo likiuma, au akitokwa na uchafu wenye harufu mbaya, msingoje. Mleteni siku hiyohiyo. Dawa msijinunulie dukani. Na majibu msipoyaelewa, ulizeni palepale."

Kunigunda akasema, "Kumbe nimemshindisha njaa mtoto wa watu."

"Uliogopa, mama. Sasa pika."

Siku hiyo alisonga ugali wa kushiba. Emerensiana akapata nguvu, akaendelea na kliniki. Mimba ilipotimia alijifungua salama hospitali, mtoto wa kike mwenye afya.

Siku waliyorudi nyumbani, mtoto alinyonya akalala. Joakim naye alikuwa amelala mkekani, viatu miguuni. Kunigunda akabaki ameketi, mkono juu ya mgongo wa mtoto.

"Mama, lala na wewe," Emerensiana akasema, macho yakifumba.

"Nyamaza, utamwamsha."

Emerensiana akalala. Kunigunda akasikiliza mtoto anavyopumua. Kichwa kikaanza kumwangukia kifuani. Akajinyoosha kando ya mjukuu wake, kuku bado hajawafungia bandani, akalala.