Mgeni Aliyeleta Simu Kabla Haijatoka

Mchana huo Mastura alikiona kioo cha simu ya mumewe kimetanda ukungu, kama mtu anapokipulizia pumzi kioo cha kujitazamia. Simu ilikuwa imezimwa, iko juu ya kabati, na nje jua la Makorora linachoma. Akaifuta kwa ncha ya kanga. Ukungu haukutoka. Akaifuta tena, na safari hii ukafutika, lakini ulifutika kwa ndani.

Hakupiga kelele. Simu za Sabiri alikwisha kuzichoka. Mwanamume mzima, ana ndevu zake na kazi yake katika duka la vipuri vya magari, lakini maisha yake yote yalikuwa kungoja. Wenzake wanangoja mwezi uandame, yeye anangoja simu itoke ughaibuni. Kila jioni alikodolea macho video za watu wasiomjua wakifungua maboksi, akitabasamu peke yake kama bwana harusi. Simu aliyokuwa nayo kabla ya hii, haijapata hata mkwaruzo, aliiita kopo. "Ninunue hii iliyotoka, au nivumilie inayokuja?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake asubuhi na jioni, na alimuuliza hata mamake, Bi Tausi, aliyekuwa mgonjwa wa presha katika chumba cha uani.

"Vumilia, mwanangu," mama alimjibu siku moja. "Huenda inayokuja ikakufundisha kunijulia hali."

Hii ya sasa haikununuliwa. Sabiri alikwenda Tongoni na wenzake wa dukani kutembea, akapiga picha katikati ya makaburi ya kale, picha zikatoka na giza. Akaibwaga simu juu ya kaburi mbele ya watu. "Takataka! Aje mwenye mpya, achukue na kila kikuukuu changu!" Wenzake walicheka. Yeye hakuwa anacheka.

Ijumaa iliyofuata, wanaume wenzake wakiwa msikitini, Sabiri amejilaza sebuleni na video zake, mtu akapiga hodi. Mastura alikuwa nyuma ya pazia. Alimwona mgeni mwenye kanzu nyeupe pe, hana hata tone la jasho kwa joto lile, na harufu ya udi iliyoingia naye ilikuwa na harufu nyingine chini yake, ya tope la mikoko maji yanapokupwa.

"Nimepitia mpakani, Horohoro," mgeni alisema, akaweka mezani simu ambayo dunia nzima ilikuwa bado inaingoja.

Sabiri akasimama wima. "Bei gani?"

"Ulikwisha kuitaja mwenyewe, kule makaburini. Kipya chako, kikuukuu changu."

Mtu mwenye akili angeuliza anazungumza na nani. Sabiri alisema, "Chukua," kama mtu anayefukuza kuku, na macho yake hayakutoka mezani hata kumsindikiza mgeni.

Baada ya hapo nyumba ikaanza kuliwa. Kabati la harusi liligeuka unga miguuni. Mswala wa marehemu babake Sabiri ulibaki nyuzi. Paka mzee wa nyumba alikutwa kizingitini amekauka kama ng'onda, na Mastura alipomwita mumewe aje aone, mume alikuja, akachuchumaa, akampiga picha.

"Tazama unavyoona unywele mmoja mmoja!" alisema.

Mastura alimtazama yeye, si picha.

Kisha ikawa zamu ya Bi Tausi. Kwanza alipoteza majina ya watu, halafu majina ya vitu, halafu akawa anapungua kitandani kama sabuni kwenye maji. Alasiri moja Mastura alimpelekea uji, na alipomwinua kichwa akaona midomo ya mkwewe inacheza wala haitoi sauti, akainama karibu zaidi asikie, ndipo alipomsikia akikohoa, kikohozi kile kile chembamba alichokizoea miaka yote, ila hakikutoka kwenye kifua alichokiegemeza mkononi mwake, kilitoka sebuleni, ambako hapakuwa na mtu, ambako simu ilikuwa peke yake juu ya meza, na baada ya kikohozi ikamwita kwa upole, kwa sauti ya mama huyo huyo, "Mastura, mwanangu, hebu njoo unishike."

Hakwenda. Alitoka kwa mlango wa uani mpaka kwa Shekhe Idarusi, mtu mkali wa maneno, anayewasomea wenye majini.

"Shikamoo, shekhe. Njoo, tafadhali. Mama anaisha."

Shekhe alipoingia tu akaziba pua. "Nani amewaletea tope humu?"

Walimleta Bi Tausi sebuleni, wakamlaza mkekani. Sabiri alikuwa amesharudi, ameipakata simu kama mtoto mchanga. Shekhe akaanza kusoma. Simu ikatetemeka, ikatoka jasho.

"Sikuvunja mlango," ikasema kwa sauti ya Bi Tausi. "Nimealikwa. Kikuukuu chake changu. Nimebakiza kimoja."

Shekhe akamgeukia Sabiri, akamnong'oneza, "Vunja ahadi. Sema huitaki."

Sabiri akafungua kinywa.

"Na ya mwakani pia ninayo," sauti ikasema.

Mama anahema mkekani, mkewe amesimama, shekhe ameduwaa na aya mdomoni. Sabiri akalamba midomo.

"Kamera yake ikoje?"

Mastura alikuwa ameishi na hofu siku nyingi. Hapo hofu ikamtoka, na kilichobaki ni kinyaa. Aliipokonya ile simu, baridi yake ikamchoma viganja, akaiweka kifuani pa mkwewe. "Mama, sauti iliyomo humo ni yako. Itumie!"

Midomo ya Bi Tausi ikacheza, na maneno yakatokea kwenye simu, kidogo kidogo, kwa kuvutana.

"Mimi si kitu cha Sabiri. Mtoto hamiliki mama. Yeye ndiye wangu, nimemzaa mimi, na hata akiwa takataka, simtoi kwa mtu."

Kioo kikapasuka. Maji meusi yakamwagika mkekani, pazia la mlango likavimba kuelekea nje na hakuna upepo, na harufu ile ikaondoka mara moja. Bi Tausi akakohoa kwa kifua chake mwenyewe.

"Mastura, mwanangu. Maji."

Sabiri alikuwa amepiga magoti, anakusanya vipande. "Shekhe, hii haitengenezeki?"

Aliyemjibu ni mamake, alipokwisha kunywa. "Nyumba hii ni yangu. Ondoka."

Sabiri akapanga chumba upande wa pili wa Makorora. Mastura akabaki na mkwewe, ambaye nguvu zilimrudia, na ulimi pia. Idi ilipofika Bi Tausi alipakua pilau, maana mama ni mama, akamtuma Mastura ampelekee.

Mlango ulifunguliwa kidogo tu. Sabiri alikuwa amekonda, macho yanang'aa. Nyuma yake, gizani mwa chumba, mtu akajisafisha koo, na harufu ya udi na tope ikatoka mlangoni.

Sabiri akaitazama sahani. "Mngeleta mbili."

Mastura hakuchungulia. Akaiweka chini kizingitini.

"Mle hiyo hiyo moja," alisema. "Mmeshazoeana."