Tusingoje Mpaka Alazwe

Masudi alikuwa mume mwema, ila alikuwa na kasoro moja. Hakujua kufunga chupa ya chai. Kila alfajiri alichemsha chai, akaimimina kwenye chupa, kisha akaenda kazini. Sikudhani alipoamka alikuta kifuniko kimelegea na chai ni ya vuguvugu.

"Fundi mzima, unajenga nyumba za watu, lakini kifuniko kinakushinda," alimwambia.

"Nitajitahidi, mama Naima," Masudi alijibu huku akicheka. Kesho yake kifuniko kilikuwa kimelegea tena. Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka mitatu.

Walikuwa wenyeji wa Kondoa, lakini waliishi Makole, mjini Dodoma. Masudi alikuwa fundi uashi. Sikudhani aliuza chapati na maharage kwa watumishi wa ofisi za jirani. Chapati zake zilikuwa laini, na wateja walizigombea. Ada ya shule ya binti yao Naima ilitoka kwenye chapati hizo.

Tatizo lilikuwa mikono. Kila asubuhi vidole vya Sikudhani vilikuwa vimevimba na kukakamaa. Hata kufunga vifungo vya gauni ilikuwa kazi. Daktari alimwambia kuwa ana baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwili wenyewe. Alimwambia atumie dawa muda mrefu, hata siku anazojisikia vizuri.

Dawa na vipimo vya damu vilimgharimu kama shilingi elfu thelathini kwa mwezi. Sikudhani akaona ni nyingi. Basi akajipangia utaratibu wake. Akipata nafuu, aliacha dawa. Maumivu yakirudi, alinunua vidonge vya maumivu dukani. Yakizidi, alisubiri alazwe.

Ndiyo, alisubiri alazwe. Alikuwa mwanachama wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake wa mtaa wao. Kila Jumamosi walinunua hisa, na kila mmoja aliweka shilingi elfu moja kwenye mfuko wa jamii. Katiba ya kikoba ilisema hivi: mwanachama akilazwa, apewe shilingi laki moja. Dawa za kila mwezi hazikutajwa. Sikudhani aliona aibu kuziombea pesa. Watu huchangia harusi na huchangia msiba, lakini nani atachangia ugonjwa usioisha? Akilazwa, hapo ni haki yake. Mwaka ule alikuwa amelazwa mara mbili, na mara mbili kikoba kilimpa laki moja.

Siku moja ya Alhamisi, jirani yake Penina alikuja kununua chapati. Penina alikuwa nesi katika kituo cha afya. Alimkuta Sikudhani ameketi kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Unga ulikuwa kwenye beseni, haujaguswa.

"Hodi, mama Naima. Leo hatuli?"

"Karibu, dada Penina. Leo unga umenishinda."

Penina alimshika mikono taratibu. Ilikuwa ya moto. "Dawa unatumia?"

"Nimepumzika kidogo."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu."

"Na hospitali unakwenda lini?"

"Labda Jumatatu. Nikizidiwa watanilaza, na kikoba kitanisaidia."

Penina akakaa kwenye mkeka. "Kumbe wewe unaumwa kwa kufuata katiba."

Sikudhani alicheka bila kutaka. Kisha machozi yakamtoka. "Dada, pesa ya mara moja huwa inapatikana. Ya kila mwezi ndiyo inayonishinda."

"Nakuelewa. Lakini nisikilize. Vidonge vya maumivu vinatuliza maumivu tu. Ukivinunua ovyo vinaweza kuumiza tumbo na figo. Dawa uliyoandikiwa ndiyo inayouzuia ugonjwa. Ukiiacha, ugonjwa unakula viungo. Kidole kikishapinda, laki moja ya kikoba haitakinyoosha. Utasukuma chapati kwa mikono gani?"

Sikudhani aliitazama mikono yake. Aliogopa kweli. Mikono ile ndiyo iliyomsomesha Naima.

"Na hiyo laki moja inakutosha?" Penina aliuliza.

Wakapiga hesabu pamoja. Kwa kulazwa mara moja tu, waliweka gharama za kitanda, sindano na bodaboda. Waliweka siku ambazo Masudi aliacha kazi ili amuuguze. Waliweka na siku kumi bila kuuza chapati. Ilikaribia laki tatu.

"Hiyo ni dawa ya miezi kumi," alisema Penina.

"Sasa nifanye nini?"

"Kwanza, mwambie daktari ukweli. Hawezi kujua hali ya mfuko wako kama hujamwambia. Pengine ipo dawa ile ile ya kiwanda kingine, na bei ni nafuu. Muombe kipimo na kliniki viwe siku moja, uokoe nauli. Usipunguze dawa mwenyewe. Ukikwama, hospitalini kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Ingia, uulize kama kuna msaada."

"Na bima ya afya?"

"Jiungeni mapema, msingoje uzidiwe. Kabla ya kulipa, uliza kama dawa zako na vipimo vyako vimo. Ambacho hakimo, kitafutie kopo. Kila siku, pesa za chapati za kwanza ziingie kwenye kopo."

"Na kikoba je?"

"Katiba si mliandika wenyewe?"

Kesho yake Sikudhani alikwenda kliniki, akasema yote. Daktari alimsema kidogo, kisha akamrudisha kwenye dawa. Alimwandikia ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile. Gharama ikashuka hadi elfu ishirini.

Jumamosi, kwenye kikoba, Sikudhani alisimama.

"Mwenyekiti, nina ombi. Dawa zangu ni za kila mwezi. Naomba mfuko unisaidie kidogo."

Mama Yasinta, mwenyekiti, alikuwa mkali kwa katiba. "Mfuko ni wa dharura, mama Naima. Wewe hujalazwa."

"Ndiyo, sijalazwa. Mwaka huu mmenipa laki mbili kwa sababu nilizidiwa. Nipeni kidogo nisizidiwe. Mimi sitaki tena kulazwa."

Mama mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba dawa zake za kisukari huzitumia siku moja, anaruka siku mbili. Mama Yasinta akavua miwani, akaifuta.

"Na mimi vidonge vyangu vya presha navikata katikati," alisema. "Leteni kalamu."

Siku ile walibadilisha katiba. Mfuko utasaidia kila mwanachama kulipia bima. Na mwenye ugonjwa wa kudumu, akionyesha kadi ya kliniki, atapewa kiasi kidogo kila mwezi.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Masudi alianza kukanda unga alfajiri kabla ya kwenda kazini. Aliukanda kama udongo wa kujengea, na siku ya kwanza mteja mmoja aliuliza kama chapati ile ni tofali. Alijifunza. Walipojiunga na bima, dawa moja haikuwemo, hivyo kopo likailipia. Nafuu haikuja siku moja. Wiki nyingi zilipita, na siku nyingine maumivu yalirudi. Lakini Sikudhani hakuruka dawa.

Asubuhi moja, mwezi wa saba tangu siku ile ya Penina, Sikudhani aliamka mapema. Akashika chupa ya chai. Kifuniko kilikuwa kimefungwa barabara. Akakizungusha. Kikafunguka, na mvuke ukampiga usoni.

Masudi alikuwa uani, unga umemjaa mikononi.

"Leo umefunga chupa, baba Naima."

"Jana nilikuona unafunga vifungo vya gauni vyote bila kupumzika. Nikasema nijaribu."

Sikudhani alikitazama kifuniko mkononi mwake. "Miaka mitatu nakusema."

"Ningekwambia nailegeza kwa ajili ya vidole vyako, ungekataa. Ungeikaza mwenyewe, ukaumia."

Alimpenda sana mwanamume huyu. Akamimina chai kikombeni, akampelekea. Kwa kuwa mikono ya Masudi ilikuwa na unga, akamnywesha yeye mwenyewe. Chai ikamwunguza ulimi. Wote wawili walikuwa wamesahau kwamba chai ya asubuhi huwa ya moto.